Watoto watolewe nje jua litakapopatwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo kwa baadhi ya wasomaji wako litaonekana kuwa la mbali, kwa kuwa linahusu siku ambazo hazijafika, lakini ambalo lisipoanza kuzungumzwa sasa litatukuta kama lilivyotukuta siku za nyuma, wazazi wakihangaika kutafuta miwani asubuhi ya siku yenyewe na wakuu wa shule wakiamuru madirisha yafungwe. Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Litapatwa kikamilifu katika ukanda mwembamba utakaoanzia Bahari ya Atlantiki, upite kusini mwa Hispania na kaskazini mwa Afrika kutoka Moroko hadi Misri, uvuke Bahari ya Shamu na kuifunika miji ya Jeddah na Makka, kisha upite Yemen na ncha ya kaskazini mashariki ya Somalia kabla ya kuishia katika Bahari ya Hindi. Sisi wa Afrika Mashariki tutaliona baada ya adhuhuri likiwa limemegwa sehemu tu, na kadiri mtu atakavyokuwa kaskazini zaidi ndivyo sehemu hiyo itakavyokuwa kubwa. Halafu, Jumatano ya tarehe 21 Mei 2031, kivuli kitapita nyumbani kwetu kabisa: kupatwa kwa jua kipete, yaani kule ambako mwezi haulifuniki jua lote na pembeni hubaki pete ya mwanga, wakati wa asubuhi, kutapita Angola, Zambia, Kongo na Tanzania, na kuendelea kuvuka bahari hadi kusini mwa India na Sri Lanka.

Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari za nyanda za juu kusini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na hoja yangu ni moja. Msisimko unaowapata watu wanapoliona jua likipatwa ni mtaji mkubwa wa elimu, unaokuja bila gharama na mara chache mno katika umri wa mtu, na ni wajibu wa shule, halmashauri na magazeti kuuandalia mapema, ili watoto watolewe nje walione jua kwa usalama badala ya kufungiwa darasani kwa hofu.

Walioshuhudia kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Septemba 2016 watanielewa upesi. Siku hiyo kivuli kilipita Gabon na nchi zote mbili za Kongo, kikaingia Tanzania, kikaendelea Msumbiji, Madagaska na kisiwa cha Réunion. Na mahali ambapo pete ilidumu muda mrefu kuliko kwingine kote duniani, dakika 3 na sekunde kama 6, palikuwa hapa hapa kwetu, kusini mwa Tanzania. Magazeti ya wiki ile yalikuwa na habari nyingine kubwa ya tarehe hiyo hiyo, ya maandamano yaliyokuwa yametangazwa na yakaahirishwa siku moja kabla, hivyo habari ya jua ilipata nafasi ndogo kuliko ilivyostahili. Hata hivyo, kwa jitihada za watu wachache waliojua thamani ya tukio, miongoni mwao Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, habari zilifika, na Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, mji ambao abiria wengi wa mabasi yaendayo Tunduma huupita wakiwa wamelala, ulijaa wageni waliobeba darubini, kamera na viti vya kukunja. Nyumba za kulala wageni nilizobisha hodi zilikuwa zimejaa tangu usiku wa kuamkia siku hiyo.

Tulikwenda na wanafunzi kwa basi la kukodi. Mpunga wa Usangu ulikuwa umekwisha kuvunwa na upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi jepesi, lakini anga lilikuwa safi. Mwezi ulipoanza kulimega jua, ilikuwa kiasi cha saa nne na robo asubuhi, wanafunzi walipiga kelele kama waliofungiwa bao, kisha wakachoka kusubiri, kwa kuwa jambo hili huenda polepole na kuna saa nzima na zaidi ambamo kinachobadilika ni ukubwa wa pengo tu. Miwani yetu ya karatasi haikuwatosha wote. Walijipanga kwa makundi na kuhesabiana kwa sauti, mmoja akitazama na wenzake wakihesabu hadi kumi, naye akizidisha anavuliwa bila majadiliano. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mandazi kando ya uwanja alifunika beseni lake, akaja kujiunga na foleni nyuma ya watoto wa kidato cha kwanza. Zamu yake ilipofika alitazama, akacheka peke yake, akarudisha miwani na kwenda moja kwa moja mwisho wa foleni kuanza upya.

Kilichonifurahisha zaidi hakikuwa angani. Pembeni mwa uwanja palikuwa na mwembe, na chini yake, mahali ambapo kila siku mwanga wa jua hupenya kati ya majani na kuacha madoa ya mviringo ambayo hakuna anayeyatazama, madoa yote yalikuwa yamegeuka vimwezi vidogo, mamia kwa mamia, vikitikisika kwa pamoja kila upepo ulipopita na vikitambaa juu ya mashati meupe ya wanafunzi. Kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye muhula mzima alikuwa akisinzia kila nilipochora ubaoni mistari iliyonyooka ya mwanga ikipita katika tundu dogo la kisanduku, alitazama vimwezi vile, akaomba miwani, akatazama juu, akatazama tena chini, kisha akaniuliza kwa nini vya chini vimegeukia upande wa pili. Sikumjibu. Alikaa kidogo, akachukua daftari, akachora tundu, akachora miale miwili ikipishana ndani yake, ule wa juu ukienda chini na ule wa chini ukienda juu, akaniletea mchoro akiwa anahema. Huo ulikuwa mchoro ule ule wa ubaoni. Na pete ilipokamilika, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, kila kimwezi chini ya mwembe kiligeuka kipete, na kijana huyo ndiye aliyewaita wenzake waje waone, kabla hata hajakumbuka kutazama juu.

Jua wakati huo lilikuwa karibu na utosi, na wengi wetu tulikuwa tumelala chali kwenye nyasi kavu kwa kuwa shingo zilikuwa zimechoka. Hakukuwa na giza, jambo lililowashangaza waliotarajia usiku wa mchana. Mwezi ulikuwa umefunika karibu asilimia 95 ya uso wa jua, na ile tano iliyobaki ilitosha kuufanya mchana uwe mchana, ingawa mwanga wake ulikuwa umepoa na kuwa na rangi ya kijivu isiyo ya asubuhi wala ya jioni, na ubaridi uliingia mikononi kana kwamba tumehamia kivulini. Wazee waliokuwa karibu nasi walianza kupiga makofi, wageni wakapokea, na kwa dakika zile mbili na ushei hapakuwa na mtu katika uwanja ule aliyekuwa akiongea kuhusu kitu kingine chochote.

Ninaeleza haya kwa kirefu kwa sababu nimesikia mara nyingi swali la watu wazima wenye heshima zao: kuna nini cha kusisimka, ikiwa ni kivuli tu? Jibu lipo katika vipimo. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.39 hivi, na mwezi una kilomita 3,474, yaani jua ni pana kuliko mwezi takribani mara 400; lakini jua pia liko mbali nasi kuliko mwezi takribani mara 400, na kwa sababu hiyo viwili hivi vinaonekana kwetu kuwa na ukubwa unaokaribia kuwa sawa, jinsi kidole gumba kilichoinuliwa mbele ya jicho kinavyoweza kuuficha mbuyu mzima. Njia ya mwezi kuizunguka dunia si duara kamili, hivyo umbali wake hubadilika kati ya kilomita 357,000 na 406,000 hivi. Ukipita mbele ya jua ukiwa karibu, hulifunika lote na taji la mwanga mweupe linalolizunguka jua likaonekana kwa macho. Ukipita ukiwa mbali, haulitoshi, na pembeni hubaki pete ya moto kama ile ya Mbarali. Na kwa kuwa njia hiyo imeinama kwa digrii 5 hivi ikilinganishwa na njia ya dunia kulizunguka jua, miezi mingi mwezi hupita juu au chini ya jua bila kuligusa. Wanaofuatilia kuandama kwa mwezi wanalijua hili kwa njia yao: jua halipatwi ila mwezi wa Kiislamu unapokwisha, siku moja au mbili kabla ya mwezi mpya kuonekana, na kupatwa kule kwa 2016 kulitokea mwishoni mwa Mfungo Pili. Kwa hesabu ya wastani, mahali pamoja duniani hupitiwa na kupatwa kikamilifu mara moja tu katika kipindi cha karne tatu hadi nne.

Zaidi ya uchache, kuna mpangilio, nao ndio unaonifanya niandike sasa. Baada ya miaka 18, siku 11 na saa kama 8, jua, mwezi na dunia hurudi katika mpangilio unaofanana sana na ule wa mwanzo, na kupatwa kwa jua kunakofanana na kule kwa awali hutokea tena. Zile saa 8 za ziada huifanya dunia iwe imezunguka theluthi moja zaidi, hivyo kivuli huangukia sehemu nyingine ya dunia. Lakini baada ya vipindi vitatu, yaani miaka 54 na mwezi mmoja hivi, theluthi tatu hukamilika na kivuli hurudi karibu na pale kilipopita. Kupatwa kwa 2027 ni kwa ukoo mmoja na kupatwa kwa tarehe 29 Mei 1919 na kwa tarehe 30 Juni 1973, na vyote vitatu ni vya bara letu.

Kile cha 1919 kilitoka Brazil, kikavuka Atlantiki hadi kisiwa cha Príncipe, kikapita Afrika ya kati hadi ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika na kwingineko mbele yake. Pale Príncipe alikuwapo Arthur Eddington, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kupiga picha za nyota zinazoonekana karibu na jua lililofunikwa, ili ajue kama mwanga wake hupinda unapopita kando ya jua kwa kiasi alichokitabiri Albert Einstein. Asubuhi ilinyesha mvua, na mawingu yaliendelea kumsumbua katika zile sekunde 302 za giza alizokuwa amezisafiria, hata picha zilizomfaa kwa vipimo zikawa mbili tu kati ya kumi na sita alizopiga. Picha hizo, pamoja na za wenzake waliokuwa Sobral nchini Brazil, ndizo zilizomfanya Einstein ajulikane dunia nzima kabla ya mwaka ule kwisha. Ninajiuliza mara nyingi wavuvi wa upande wa Kongo wa ziwa letu walisema nini jioni ile, maana kivuli kile kile kiliwafika na wao, na hakuna aliyewatumia darubini.

Mwaka 1973 kivuli kilirudi, safari hii kaskazini zaidi, kikipita Mauritania, Mali, Niger, Chad na Sudan, kikafika kaskazini mwa Uganda na Kenya, katika nchi ya ziwa ambalo wakati huo liliitwa Rudolf na sasa ni Turkana. Kilidumu hadi dakika 7 na sekunde 4 katika jangwa la Sahara, muda ambao hautafikiwa tena katika karne hii, na ndege ya majaribio ya Concorde iliyoruka kutoka Las Palmas hadi Chad ikiwa na wanasayansi ndani ilikimbizana nacho na kubaki kivulini kwa dakika 74. Mwaka 2027 ukoo huo unarudi kaskazini zaidi tena, ukiwa na dakika 6 na sekunde 23 karibu na Luxor nchini Misri. Utakaporudi mwaka 2081, kivuli chake kitakuwa kimepanda hadi Ulaya. Mwanafunzi wa leo aliye na babu aliyekuwa hai mwaka 1973, na ambaye babu huyo alizaliwa na mtu aliyekuwa hai mwaka 1919, ana haki ya kuambiwa kwamba zamu iliyobaki, ya 2027, ni yake.

Nisije nikaonekana ninasahau kwamba Tanzania nayo iliwahi kupitiwa na giza kamili: alfajiri ya Jumamosi, tarehe 23 Oktoba 1976, jua lilipatwa kikamilifu katika ukanda uliopita nchini mwetu muda mfupi baada ya kuchomoza, ukavuka Bahari ya Hindi yote na kufika kusini mashariki mwa Australia, Melbourne ikiwamo. Wapo wazee wanaokumbuka jua lililochomoza na kuzimika. Inasikitisha kwamba kumbukumbu zao hazijakusanywa, na umri hauwasubiri.

Sasa nije kwenye madirisha. Mwaka 2016 huo huo, wakati sisi tuko Mbarali, katika shule moja ambayo haina haja ya kutajwa watoto wa msingi waliingizwa madarasani tangu saa nne, milango ikarudishwa na mapazia yakashushwa, na wakatolewa mchana jua likiwa limeshapona. Uongozi ulisema umefanya hivyo kwa kuwalinda macho. Nia ilikuwa njema, wala siidharau, kwa kuwa hatari ni ya kweli: utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga hauna mishipa ya maumivu, hivyo mtoto anaweza kuuchoma kwa kulikodolea macho jua lililomegwa bila kuhisi chochote, na madhara akayagundua saa kadhaa baadaye anaposhindwa kusoma ubaoni. Lakini kumficha mtoto jambo ambalo mtaa mzima unalizungumzia ni kumtuma alitafute kwa kujiiba, kupitia tundu la dirisha, bila miwani na bila mtu mzima wa kumhesabia. Nilizungumza na baadhi ya watoto wale. Walikuwa wamechungulia.

Njia za salama zinajulikana na nyingi ni za bei nafuu. Miwani ya karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama jua, yenye alama ya kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2 na isiyo na mkwaruzo wala tundu, inafaa. Kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma kinafaa kikiwa namba 14 pekee, na wengi wa mafundi wetu hutumia namba za chini ya hapo. Miwani ya kawaida ya jua, hata iwe nyeusi kiasi gani, haifai. Wala haifai picha ya eksirei, wala sidii, wala kioo kilichofukizwa moshi wa kibatari, wala beseni la maji ambalo wengi wetu tulifundishwa utotoni kwamba ni kinga. Darubini au kamera isiyo na kichujio maalumu mbele yake ni hatari kupita vyote hivyo, kwa kuwa hukusanya mwanga na kuumimina jichoni. Na ikumbukwe kwamba ruhusa ya kutazama kwa macho matupu ipo kwa walio ndani ya ukanda wa giza kamili tu, kwa dakika zile chache ambazo jua limezibwa lote. Kwa sisi, iwe 2027 au 2031, haitakuwapo hata sekunde moja ya kuvua miwani.

Shule isiyo na fedha za miwani ina njia bora kuliko miwani, nayo ni kulipa jua kisogo. Kadibodi iliyotobolewa kwa pini, ikishikwa juu ya karatasi nyeupe, huonyesha jua lililomegwa waziwazi, na watoto arobaini wanaweza kulitazama kwa wakati mmoja bila hata mmoja kuinua uso. Chujio la chai lenye matundu makubwa kidogo, au chekeche la jikoni, hutoa jua kwa kila tundu. Mwembe, kama nilivyoeleza, hufanya kazi hiyo bila kuombwa. Mwalimu anayejua haya hana sababu ya kufunga dirisha; tatizo ni kwamba hajaambiwa, na waraka unaomfikia, ukimfikia, humwambia tu kwamba wanafunzi wasitazame.

Kuna pia hofu ya namna nyingine, inayovaa joho la dini, nayo naigusa kwa heshima. Waislamu wana sala maalumu ya kupatwa kwa jua, na asili yake inajulikana vyema na masheikh wetu: siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, mjini Madina, jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule, na Mtume mwenyewe akalikataa jambo hilo, akawaeleza kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Sioni fundisho lililo karibu zaidi na sayansi kuliko hilo. Mwaka 2027, giza litakapoifunika Makka kwa dakika zinazopita tano, wakiwamo bila shaka mahujaji wa umra waliotoka Zanzibar, Mombasa na Muscat, sala hiyo itasaliwa, na hakuna atakayeona kwamba kujua hesabu ya kivuli kumempunguzia unyenyekevu. Makanisa nayo yanaweza kulitangaza jambo hili Jumapili ya tarehe 1 Agosti, siku moja kabla.

Sina budi kukiri kwamba maandalizi hayaondoi bahati. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa katika ukanda uliopita Uganda na kaskazini mwa Kenya. Watu waliokuwa Pakwach, kando ya Mto Nile, waliliona giza kwa sekunde chache na kushangilia. Waliosafiri kwa ndege na magari hadi Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana, walifikiwa na dhoruba ya vumbi na mawingu wakati jua linakaribia kufunikwa, wakarudi bila kuiona saa waliyoijia. Hilo linawezekana na kwetu. Mei ni mwisho wa masika katika sehemu nyingi za nchi, na asubuhi ya tarehe 21 inaweza kuamka na mawingu mahali pamoja na kuwa safi kilomita 100 mbele; ndiyo maana halmashauri zilizo katika ukanda wa 2031 zinapaswa kuwa na zaidi ya kituo kimoja cha kutazamia, na basi moja lililo tayari kuhama.

Maombi yangu kwa hiyo ni haya, na la kwanza ni kwako, Ndugu Mhariri. Gazeti lako, kama mengine, huandika kuhusu kupatwa kwa jua asubuhi yake au kesho yake, mara nyingi chini ya kichwa cha habari chenye neno hofu. Ninaomba lichapishe wiki mbili kabla ya tarehe 2 Agosti 2027 jedwali la saa za kuanza, kufikia upeo na kumalizika kwa miji yetu, kutoka Kigoma na Bujumbura hadi Kampala, Nairobi, Mombasa na Unguja, pamoja na mchoro wa kadibodi ya pini ambao mwalimu anaweza kuukata na kuubandika ubaoni. Wahadhiri wa fizikia katika vyuo vyetu watafanya hesabu hizo kwa furaha wakiombwa mapema. Siku hiyo ya 2027, ambayo kwetu itakuwa ya sehemu tu, ichukuliwe kuwa mazoezi: shule zijaribu kadibodi zao, maofisa elimu wajue miwani inanunuliwa wapi na inakaguliwaje, na wakuu wa wilaya zitakazopitiwa na pete ya 2031 wawe na ramani ya ukanda mezani miaka mitatu na ushei kabla.

Ombi la pili ni kwa Baraza la Mitihani. Kwa miaka ya karibuni mitihani ya taifa ya kidato cha sita imekuwa ikifanyika mwezi Mei, na ratiba ikiendelea hivyo, pete ya tarehe 21 Mei 2031 itawakuta vijana wetu wa fizikia na jiografia ndani ya vyumba vya mitihani, madirisha yakiwa yamefungwa na msimamizi akitembea kati ya madawati. Karatasi ya asubuhi ya Jumatano hiyo isogezwe mchana.

Wako,
Mwalimu wa fizikia,
Makambako, Njombe